Arthur Holmes

Arthur Holmes (Hebburn, Uingereza, 14 Januari 1890 – London, 20 Septemba 1965) alikuwa mwanajiolojia wa Uingereza. Anakumbukwa kwa kutumia unururifu kupima umri wa miamba, na kwa kueleza mapema nguvu inayoweza kuyasogeza mabara. Alianza chuo akiwa mwanafunzi wa fizikia, na sehemu kubwa ya mafanikio yake ilitokana na kuyaunganisha masomo ambayo wakati wake yalifundishwa mbalimbali.

Maisha ya awali

Holmes alizaliwa karibu na Gateshead, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, katika familia ya kipato cha kawaida. Biblia ya nyumbani kwao ilikuwa na maandishi pembeni yaliyotaja mwaka 4004 KK kuwa ndio mwaka wa kuumbwa kwa ulimwengu. Shuleni mwalimu wake wa fizikia alimfahamisha maandishi ya Lord Kelvin, aliyekadiria umri wa Dunia kwa kuhesabu muda ambao ingehitaji kupoa. Mwaka 1897 Kelvin alisema umri huo ni kati ya miaka milioni 20 na 40. Wanajiolojia wengi waliona muda huo ni mfupi mno kwa matabaka ya miamba waliyoyajua, lakini hawakuwa na hesabu ya kumjibu.

Uchaguzi wa masomo

Mwaka 1907 Holmes alipata ufadhili wa kusoma fizikia katika Royal College of Science, London, iliyokuwa sehemu ya Imperial College iliyoanzishwa mwaka huohuo. Katika mwaka wa pili alichukua kozi ya jiolojia, akavutiwa nayo kiasi cha kuamua kuifanya kazi ya maisha yake. Walimu wake walimshauri asifanye hivyo, naye hakuwafuata.

Hata hivyo hakuitupa fizikia. Wakati ule mwanafunzi wa jiolojia alijifunza hasa kutambua madini na visukuku, kuchora ramani na kupanga matabaka kwa kufuata lipi lilitangulia lipi. Kwa njia hiyo aliweza kusema mwamba huu ni mzee kuliko ule, lakini si kwa miaka mingapi. Jibu la swali hilo lilikuwa katika maabara ya fizikia na ya kemia. Chuoni hapo Robert Strutt alikuwa akipima umri wa madini kwa kutumia gesi ya heli inayotokana na elementi nururifu. Kasoro ya njia hiyo ni kwamba heli huvuja, na kwa hiyo umri unaopatikana huwa mdogo kuliko umri halisi.

Holmes alifanya kazi chini ya Strutt, lakini alichagua risasi badala ya heli. Mmarekani Bertram Boltwood alikuwa ameonyesha mwaka 1907 kwamba urani huishia kuwa risasi, na risasi haivuji kama gesi. Kwa kupima kiasi cha urani na cha risasi katika madini, na kwa kujua kasi ya mabadiliko hayo, umri uliweza kuhesabiwa. Kazi ilihitaji uchambuzi wa kemia wa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kiasi cha risasi kilikuwa kidogo sana. Mwamba wa Norwei wa kipindi cha Devoni ulimpa umri wa miaka milioni 370, na mwamba mmoja wa Ceylon (leo Sri Lanka) miaka milioni 1,640. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1911, Holmes akiwa na miaka 21 tu.

Msumbiji na Burma

Posho ya ufadhili ilikuwa pauni 60 kwa mwaka, nayo haikumtosha. Mwaka 1911 alikwenda Msumbiji kutafuta madini kwa niaba ya kampuni. Madini yenye faida hayakupatikana, na Holmes akaugua malaria vibaya hata habari ya kifo chake ikatumwa nyumbani. Alipona, akarudi London kufundisha, na mwaka 1913 akatoa kitabu *The Age of the Earth*. Mwaka 1914 alimwoa Margaret Howe.

Mwaka 1920 alikwenda Burma (Myanmar) kufanya kazi katika kampuni ya mafuta. Kampuni ilifilisika, na mtoto wake mdogo wa kiume alifariki huko kwa ugonjwa wa kuhara damu. Holmes alirudi Uingereza bila fedha wala kazi.

Durham na Edinburgh

Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Durham kilimpa kazi ya kuanzisha idara ya jiolojia, ambayo mwanzoni aliiendesha karibu peke yake. Mwaka 1943 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi alipostaafu mwaka 1956. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1938, na mwaka uliofuata alimwoa mwanajiolojia Doris Reynolds.

Wakati wanajiolojia wengi walipopinga hoja ya Alfred Wegener kwamba mabara husogea, Holmes aliiunga mkono. Pingamizi kubwa lilikuwa kwamba hakuna nguvu inayojulikana ya kuyasukuma. Mwishoni mwa mwaka 1927, mbele ya wanajiolojia wa Glasgow, alieleza kwamba joto la unururifu linaweza kusababisha mikondo ya polepole katika koti ya Dunia: mwamba wenye joto hupanda, husambaa pembeni ukilibeba ganda la juu, kisha hupoa na kushuka. Wazo hilo lilikubaliwa kwa upana katika miaka ya 1960 tu, nadharia ya mabamba ya gandunia ilipokubalika.

Kitabu chake *Principles of Physical Geology* (1944) kilisomwa na wanafunzi wa nchi nyingi. Toleo kubwa la pili lilitoka mwaka 1965, mwaka wa kifo chake.

Afrika ya Mashariki katika kazi zake

Holmes aliendelea kuchunguza miamba ya Afrika. Aliandika kuhusu miamba ya volkeno ya Bufumbira, kusini-magharibi mwa Uganda, na aina moja ya mwamba aliiita katungite kutokana na volkeno ya Katunga nchini humo. Mwaka 1951 alitumia jina la Ukanda wa Msumbiji kwa miamba ya kale iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, inayopita Msumbiji, Tanzania na Kenya kuelekea kaskazini. Jina hilo bado linatumika.

Urithi

Mwaka 1946 Holmes alikadiria umri wa Dunia kuwa takriban miaka milioni 3,000. Mwaka 1956 Clair Patterson wa Marekani, kwa kupima risasi katika vimondo, alipata takriban miaka milioni 4,550, nayo inakubaliwa hadi leo. Holmes alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka 1942, akapokea Nishani ya Wollaston na ya Penrose mwaka 1956, na Tuzo ya Vetlesen mwaka 1964. Kasoko moja ya sayari ya Mirihi ina jina lake.