Imamu Shafii na hadhari ya neno la kukata

Waislamu walio wengi wa Afrika Mashariki, tangu Lamu na Unguja hadi huku Musoma na mitaa yake kama Makoko, husali, hufunga na huoa kwa kufuata madhehebu ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ijumaa hii tumeona vyema kuyaeleza maisha yake kwa upande usiosemwa sana: jinsi alivyouzuia ulimi wake usikate neno pale ambapo elimu yake haijakata.

Jina lake ni Muhammad bin Idris, Mkureshi wa ukoo wa Muttalib. Alizaliwa Gaza, Palestina, mwaka 150 Hijria (767 Miladia). Baba yake alifariki naye angali mchanga, na mama yake akamchukua Makka. Walikuwa masikini kiasi kwamba kijana huyo aliandika masomo yake juu ya mifupa. Alihifadhi Qur'ani utotoni, kisha akaihifadhi Muwatta, akaenda Madina kwa mwenye kitabu hicho, Imamu Malik, akasoma kwake. Malik alifariki mwaka 179 Hijria.

Imepokewa kuwa Malik aliulizwa masuala 48, na katika 32 kati ya hayo akajibu kwamba hajui. Mwanafunzi aliyelelewa kwa mwalimu wa namna hiyo haoni haya kunyamaza. Imesimuliwa kuwa Shafii naye, alipoulizwa jambo akakawia kujibu, alieleza kuwa anapima kwanza kama fadhila iko katika kujibu au katika kunyamaza. Imepokewa pia kuwa hakuapa kwa Mwenyezi Mungu maishani mwake, kwa kweli wala kwa uongo. Tuzitazame nyumba zetu: ni mara ngapi mtu huapa kwamba hatakanyaga tena kwa nduguye, na wiki haijapita anatafuta kafara ya kiapo?

Mwanafunzi wake Muzani alisimulia kuwa siku moja alimtaja mpokezi fulani wa hadithi kwa kumwita mwongo mkubwa. Shafii alimkataza, akamtaka ayavike maneno yake vazi lililo bora, aseme tu kwamba hadithi ya mtu huyo si kitu. Wapo watakaodhani hii ni adabu tupu. Sisi twaona ni zaidi ya adabu. Kumwita mtu mwongo ni kumhukumu moyo na umri wake wote. Kusema hadithi yake haifai ni kuhukumu kile kilichochunguzwa. Hivyo hivyo mume anayemwambia mkewe kuwa siku zote hamsikilizi, humfanya aitafute siku moja aliyomsikiliza, na ugomvi ukahamia huko. Angelitaja la jana, lingejibiwa la jana.

Mwaka 184 Hijria alipelekwa Baghdad kwa tuhuma za kisiasa mbele ya Khalifa Harun Rashid. Aliokoka, akabaki huko kusoma kwa Muhammad bin Hassan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Alirejea Baghdad mwaka 195, akafundisha fiqhi yake, kisha akahamia Misri karibu na mwaka 199. Huko aliyapitia upya aliyokwisha kuyasema. Ndiyo maana wanavyuoni wetu hutaja qauli ya kale na qauli mpya. Katika kitabu chake cha Al-Umm mara nyingi hufunga shauri lake kwa sharti: iwapo hadithi hii imethibiti, basi ndiyo tunayoishika. Sharti hilo humwambia msomaji ni wapi pa kuchunguza. Neno la kukata humfungia mlango.

Chukueni wakati wa Magharibi. Katika qauli ya kale wakati huo huendelea mpaka wekundu wa mbingu upotee. Katika qauli mpya ni mfupi sana, kadiri ya kutawadha na kusali rakaa chache. Zaidi ya miaka 400 baadaye Imamu Nawawi, naye Mshafii, alizipima hadithi akaipa nguvu ile ya kale. Nawawi huyo katika Minhaj aliweka hata maneno ya kupimia: baina ya qauli mbili za Imamu, husema iliyo dhahiri zaidi ikiwa hitilafu ina nguvu, na iliyo mashuhuri ikiwa hitilafu ni dhaifu. Mvuvi wa dagaa wa Makoko anayeandaa mtumbwi na taa zake jua likizama ziwani, akapata nafasi ya kusali kabla wekundu haujaondoka, anafaidika na upimaji huo.

Asije mtu akadhani Imamu alikuwa mtu wa shaka. Katika Upweke wa Mwenyezi Mungu na faradhi zilizo wazi hakuyumba, na katika hoja alikuwa mkali. Lakini Yunus Sadafi, aliyebishana naye katika suala wakaachana bila kuafikiana, alisimulia kuwa walipokutana tena Imamu alimshika mkono, akamuuliza kama hawawezi kuwa ndugu hata wakihitilafiana.

Alifariki Misri mwishoni mwa Rajabu mwaka 204 Hijria (820 Miladia), akiwa na miaka 54 ya Hijria. Kaburi lake liko Cairo, chini ya kuba iliyojengwa mwaka 1211. Vitabu vyake vilibaki mikononi mwa Rabii bin Sulaiman, ambaye watu walimwendea kutoka mbali kuvipokea. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Amin.