TALAAT HARB: ALIYEWAJENGEA WAMISRI BENKI YAO

Katikati ya jiji la Cairo pana uwanja wenye sanamu ya mtu aliyevaa tarbushi. Huyo ni Talaat Harb, na habari zake zatufaa sana sisi watu wa pwani, tuliozoea kuona meli zikiondoka na mali ghafi na kurudi na bidhaa za madukani.

Alizaliwa Cairo mwaka 1867, akasomea sheria na kuhitimu mwaka 1889. Zama hizo Misri ililima pamba bora, lakini pamba hiyo ilipelekwa kwenye viwanda vya Lancashire, Uingereza, kisha ikarudi nguo, na mkulima yule yule akainunua. Benki kubwa nazo zilikuwa za wageni. Zilikopesha zaidi biashara ya pamba na rehani za mashamba. Viwanda vya wenyeji havikupata kitu.

Mwaka 1911 Harb alitoa kitabu akieleza haja ya Wamisri kuwa na benki yao. Ilimchukua miaka tisa. Mwaka 1920 Banque Misr ilianza kwa mtaji wa pauni 80,000, kila hisa pauni 4, na wenye hisa ni Wamisri watupu.

Benki ile ikazaa makampuni: ya uchapaji mwaka 1922, ya kuchambua pamba mwaka 1924, na mwaka 1927 ya kusokota na kufuma huko Mahalla al-Kubra, mji ambao baadaye ulijaa maelfu ya wafanyakazi wa viwandani. Zikafuata ndege, meli zilizowachukua mahujaji kutoka Suez mpaka Jidda, hata studio ya sinema iliyotoa filamu ya Umm Kulthum.

Hata hivyo Harb hakumfukuza kila mgeni. Kampuni ya ndege, mwaka 1932, aliiunda pamoja na Waingereza wa Airwork, maana ujuzi wa kazi ile walikuwa nao wao.

Penye urembo ndipo penye urimbo. Benki ilizamisha fedha nyingi katika viwanda, na fedha za namna hiyo hazirudi kwa siku moja. Vita vilipozuka mwaka 1939, watu waliikimbilia kutoa akiba zao. Serikali ilikubali kuiokoa kwa sharti kwamba Harb aondoke. Ilimbidi achague kiti chake au benki. Akajiuzulu, na benki ikasalimika. Alifariki tarehe 13 Agosti 1941, Mola amrehemu.

Mwaka 1960 benki ile ilitaifishwa, na hadi leo ingali ikifanya kazi.

Basi ndugu msomaji, tukiipima kampuni yoyote, ya mgeni au ya mwenyeji, tuulize: imewaachia watu wa mji ufundi gani, na faida yake yalala wapi?