Hilma af Klint: Picha Zilizofungiwa Miaka Ishirini

Kando ya Stockholm, mji mkuu wa Sweden, lipo jumba la kale liitwalo Karlberg. Tangu mwaka 1792 jumba hilo limekuwa chuo cha kuwafunza maofisa wa jeshi, na hadi leo makadeti wanapiga kwata katika viwanja vyake. Sisi tuliopitia vyuo vya namna hiyo hatukuzoea kusikia kwamba ndani yake alizaliwa mchoraji, tena mwanamke. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 26 Oktoba 1862 alizaliwa humo Hilma af Klint, binti wa ofisa wa wanamaji, Victor af Klint, katika ukoo uliosifika kwa kuchora ramani za bahari.

Mwaka 1880 mdogo wake, Hermina, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka kumi tu. Msiba huo ulimchoma Hilma, na tangu hapo swali la waendako wafu halikumtoka moyoni.

Miaka miwili baadaye aliingia Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Stockholm. Wanawake walikuwa wamefunguliwa mlango wa chuo hicho mwaka 1864, jambo ambalo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado kulikubali. Alihitimu mwaka 1887 kwa sifa, akajitafutia riziki kwa kuchora mandhari, sura za watu na mimea, na hata michoro ya chuo cha tiba ya mifugo. Hakuolewa. Ifahamike kwamba sheria ya Sweden ya mwaka 1884 ilimhesabu mwanamke asiye na mume kuwa mtu mzima afikapo miaka 21, lakini aliyeolewa alibaki chini ya ulezi wa mumewe hadi sheria mpya ya ndoa ya mwaka 1920. Mwanamke mwenye kazi yake alikuwa na sababu ya kusita mbele ya altare.

Mwaka 1896 Hilma pamoja na wanawake wenzake wanne walianzisha kikundi kilichoitwa Watano. Walikutana kila juma, wakaomba, wakasoma, kisha wakangoja ujumbe kutoka kwa roho. Najua msomaji ataguna hapa, na mimi niliguna. Lakini yatupasa kutazama mji waliokaa: katika sanaa, meza ya maamuzi ilikaliwa na wanaume, na mwanamke aliyetaka kuvuka mipaka ya ufundi wake hakuwa na mahali pa kusemea. Watano hao walijijengea baraza lao wenyewe.

Katika vikao hivyo Hilma aliamini kwamba amepewa agizo la kuchora picha za hekalu. Alianza mwezi Novemba 1906, akiwa na miaka 44. Mtu aliyezoea amri anaweza kulielewa jambo hili kwa njia yake: katika zama ambazo mwanamke hakuthubutu kusema kwamba ameamua, pengine ilikuwa rahisi kwake kusema kwamba ameamriwa.

Mengi ya aliyoyachora hayakuwa na mtu, mti wala nyumba. Yalikuwa ni mizunguko kama ya konokono, mayai, maua yasiyoota popote, na herufi zinazoelea. Wassily Kandinsky, ambaye kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kuwa mwanzilishi wa michoro ya dhahania, alikuwa bado hajaifikia hatua hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1907, kwa majuma machache tu, Hilma alikamilisha picha kumi, kila moja ikipita meta tatu kwa urefu. Zinaeleza maisha ya binadamu tangu utoto hadi uzee. Katika mpango wake, buluu ilikuwa rangi ya uke na manjano rangi ya uume, na rangi hizo mbili zinakaa sawa kwa sawa, hakuna iliyo mtumishi wa mwenzake. Hilo lilichorwa miaka kumi na minne kabla ya wanawake wa Sweden kupiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza, mwaka 1921, yeye mwenyewe akiwa anakaribia miaka 59.

Mwaka 1908 alimwonyesha kazi hiyo mwanafalsafa Rudolf Steiner, akitumaini kupata mtu wa kumwelewa. Hakupata alichotumaini. Wakati huohuo mama yake alipofuka macho, naye akaiacha kazi ya hekalu miaka minne ili amtunze. Aliirudia mwaka 1912 na kuimaliza mwaka 1915, jumla picha 193.

Alifariki tarehe 21 Oktoba 1944 baada ya ajali ya barabarani. Aliacha kazi zaidi ya 1,200 na maelfu ya kurasa za maandishi, vyote kwa mpwa wake Erik, ofisa wa wanamaji kama babu yake, pamoja na sharti kwamba picha za hekalu zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20. Erik alilitii. Mwaka 1970 mkusanyiko huo ulipotolewa kama zawadi kwa jumba la sanaa ya kisasa la Stockholm, ulikataliwa. Umma ulianza kuziona picha hizo mjini Los Angeles mwaka 1986.

Hilma alikuwa ameliwazia hekalu lake kama jengo la kuzunguka kwenda juu. Mwaka 2018 picha zake zilitundikwa katika jumba la Guggenheim, New York, ambalo njia yake ya ndani hupanda kwa mzunguko, na watu zaidi ya 600,000 wakaja kuzitazama. Mwenyewe amelala katika makaburi ya wanamaji mjini Stockholm, pamoja na baba yake.