SITI BINTI SAAD

Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake alikuwa Mzigua. Walikuwa watu maskini. Mtoto wao walimwita Mtumwa. Wakati huo utumwa ulikuwa bado haujakomeshwa Unguja. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata baadaye mjini.

Mtumwa hakupata kusoma. Siku zile watoto wa maskini, hasa wasichana, hawakupelekwa shule. Kazi ya kwao ilikuwa kulima na kufinyanga vyungu. Mtumwa alivibeba vyungu kichwani akaenda kuviuza. Njiani alivinadi kwa kuimba. Watu waliijua sauti yake kabla hawajamwona.

Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu aliyejua muziki. Ali Muhsin akamfundisha kuimba. Kisha Siti akajiunga na wasanii wengine. Hao walikuwa Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Walikutana jioni, wakatunga na kufanya mazoezi pamoja.

Hapo zamani taarabu iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu, ingawa hakujua kusoma. Alizishika nyimbo moyoni. Lakini nyingi aliziimba kwa Kiswahili, ili mchuuzi, mpishi na mchukuzi waelewe. Basi taarabu ikatoka jumbani ikaingia mitaani.

Wako waliomwonea kijicho. Walitunga wimbo wa kumcheka kwa sababu alitoka shamba. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu, bali akili.

Siti aliimba pia juu ya dhuluma. Mtu mmoja aliyeitwa Kijiti alimwua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, kisha akatorokea bara. Wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti na wenzake waliuimba mkasa huo. Maskini hawakuwa na gazeti la kuwasemea, wala wengi wao hawakujua kusoma. Wimbo ulikuwa gazeti lao.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay, Bara Hindi. Huko nyimbo zao zilitiwa katika sahani za santuri. Siti hakuchukua sifa peke yake. Wenzake nao walitoa sahani kwa majina yao. Sahani hizo zilipigwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Watu waliona fahari kusikia Kiswahili katika santuri.

Siti alipokuwa mzee, mwandishi Shaaban Robert wa Tanga alikwenda kumwona. Alimwuliza habari za maisha yake akaziandika. Siti alifariki mwezi wa Julai 1950. Kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitoka mwaka 1958. Siti mwenyewe asingeweza kukisoma. Lakini kwa sababu msanii mmoja alimwandika msanii mwenzake, sisi leo tunaweza kusoma habari zake.

Nyimbo zake nazo hazikufa. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti, aliziimba mpaka uzeeni. Bi Kidude alifariki mwaka 2013. Mfinyanzi wa Fumba alikuwa amekwisha lala kaburini karibu miaka 63, na nyimbo zake bado zilikuwa zikiimbwa.

MASWALI

1. Siti alifanya kazi gani kabla ya kuhamia mjini?
2. Kwa nini aliimba kwa Kiswahili?
3. Shaaban Robert alimsaidia Siti kwa njia gani?
4. Katika kijiji chenu, ni mzee gani ambaye habari zake zafaa kuandikwa? Nani kati yenu ataziandika?