Al-Khwarizmi: mtu ambaye jina lake limo ndani ya simu yako

Msikilizaji, ukiwa hapo Bonga ukaomba mkopo kwa simu, jibu linakuja kabla hujairudisha simu mfukoni. Umepewa kiasi fulani, au umenyimwa. Hakuna karani aliyesoma maombi yako. Kilichoamua ni algoriti, au algorithimu kama wengine wanavyoita. Neno hilo linatajwa sana siku hizi kwenye habari, na wengi wetu hulichukulia kama neno la Kizungu la mafundi wa kompyuta. Kwa kweli ni jina la mtu. Aliishi Baghdad, katika Iraki ya leo, miaka 1,200 hivi iliyopita.

Mtu huyo ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu na mwaka 780. Jina la mwisho linaonyesha asili ya ukoo wake: Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi yake aliifanyia Baghdad, wakati wa Khalifa al-Ma'mun aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Khalifa huyo alipenda elimu. Katika mji wake kulikuwa na mahali palipoitwa Nyumba ya Hekima, ambako wasomi walikusanya vitabu vya Wagiriki, Waajemi na Wahindi na kuvitafsiri kwa Kiarabu. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wao. Alichunguza nyota, akaandika kitabu cha jiografia chenye mahali pa miji, milima na mito, na juu ya yote akaandika vitabu vya hesabu.

Hesabu za mirathi na mashamba

Kitabu chake kinachojulikana zaidi kilihusu al-jabr, na huko ndiko lilikotoka neno aljebra. Kwa Kiarabu jabr ni kurudishia kilichovunjika, kama fundi wa mifupa anavyounga mkono wa mtoto. Chukua mfano huu: una magunia ya mbaazi, ukauza 5, yakabaki 20. Ulikuwa na mangapi? Unarudishia yale 5 yaliyoondoka, unapata 25. Huko kurudishia ndiko jabr.

Hakutumia alama za x na y zinazowasumbua wanafunzi wetu. Kila kitu alikieleza kwa maneno matupu, na namba asiyoijua aliiita kitu. Maana yake hesabu zake zingeweza kusomwa redioni na mtu akazifuata bila ubao.

Wala hakuandika ili wasomi washindane. Alilenga mambo ambayo watu huyahitaji: kugawana mirathi, kufanya biashara, kupima ardhi, kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni maswali ya mirathi, kwa sababu sheria ya Kiislamu inampa kila mrithi fungu lake, na mafungu hayo yakikosewa ndugu hugombana. Anayejua migogoro ya mashamba ya urithi katika vijiji vyetu ataelewa kwa nini mtaalamu wa Khalifa alijishughulisha nayo.

Jina linakuwa neno

Kitabu kingine kilifundisha kuhesabu kwa tarakimu za Wahindi, yaani 1 hadi 9 pamoja na alama ya pasipo na kitu. Al-Khwarizmi alieleza hatua kwa hatua: namba zikizidi kumi ufanye nini, na mahali palipobaki patupu uweke duara dogo ili nafasi isipotee. Kitabu chenyewe cha Kiarabu kimepotea. Kilichobaki ni tafsiri za Kilatini za karne ya 12, wakati wasomi wa Ulaya walipotafuta elimu kwenye vitabu vya Waarabu, hasa nchini Hispania.

Watafsiri hao walishindwa kulitamka jina lake. Al-Khwarizmi akawa Algorizmi, kisha Algorismi. Baada ya muda watu wakasahau kwamba ni mtu. Wakadhani ni jina la njia yenyewe ya kuhesabu.

Njia hiyo haikupokelewa kwa furaha kila mahali. Mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha cha Florence, huko Italia, kiliwakataza wanachama wake kuandika vitabu vya mahesabu kwa tarakimu hizo. Hata hivyo zilienea. Kwa Kireno algarismo ni tarakimu, na neno hilo linatumika kwa jirani zetu Msumbiji. Kwa Kiingereza neno lilichanganywa na neno la Kigiriki lenye maana ya namba, likapata umbo linalotumika leo. Karne ya 20 zilipokuja kompyuta, wataalamu wakalitumia kwa maana ya orodha ya hatua ambazo mashine inazifuata mpaka ipate jibu. Waarabu wa leo nao husema khawarizmiyya, kwa hiyo jina limerudi nyumbani.

Kiswahili kilipokea urithi huu kwa njia mbili. Ya kwanza ni bahari. Kutoka Kiarabu tulipata hesabu, sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu. Tulipata pia sifuri, yenye maana ya kitupu, ambayo Ulaya ilizaa neno zero. Njia ya pili ilizunguka Ulaya na kutufikia kupitia shule na simu: aljebra na algoriti. Mama anayehesabu debe za mahindi sokoni anatumia maneno ya njia ya kwanza. Jioni akiomba mkopo kwa simu, anaamuliwa na kitu cha njia ya pili.

Tofauti iko hapa. Hatua za al-Khwarizmi ziliandikwa wazi, ili anayegawiwa fungu dogo aweze kurudia hesabu na kuona kama amedhulumiwa. Hatua za mkopo wa simu hatuzioni. Kwa kawaida hutazama jinsi unavyotumia simu na pesa zako, na kama ulirejesha mkopo uliopita kwa wakati. Lakini nazo zimeandikwa na watu, na watu wanaweza kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imegusia pia haki za mtu pale uamuzi unapofanywa na mashine peke yake. Ukinyimwa, piga simu kwa mtoa huduma uulize sababu. Usikubali kuambiwa tu kwamba mfumo umekataa.

Al-Khwarizmi alifariki karibu na mwaka 850. Vitabu vyake viliendelea kufundishwa Ulaya kwa karne nyingi baadaye, na jina lake linatajwa kila siku na watu ambao hawajui kwamba wanamtaja mtu.