Maisha ya Daktari Charcot wa Paris

Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Nimemchagua Jean-Martin Charcot, tabibu wa Ufaransa. Lakini kabla sijaanza, yanipasa kueleza kwa nini nimemchagua yeye.

Dada yangu mkubwa alikuwa fundi wa kushona nguo hapa Kigali, katika mtaa wa Biryogo. Cherehani yake ilikuwa hailali, hasa miezi ya harusi. Kisha jicho lake moja likaingia ukungu, mguu ukawa mzito, na mikono ikaanza kumtetemeka. Hayo tuliyaona, nasi tukamhurumia. Baadaye likaja jambo jingine ambalo hatukulihurumia hata kidogo. Alianza kukaa tu. Nguo za wateja zililala wiki nzima bila kuguswa. Ukimwagiza jambo asubuhi, adhuhuri amekwisha kulisahau. Hakulia wala hakukasirika. Alitutazama tu, kama mtu atazamaye mvua. Basi tulimwita mvivu. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo mbele ya watoto wake, na jambo hilo lanitia haya hata leo.

Miaka miwili ilipita. Hatimaye daktari mmoja alitazama picha za ubongo wake akatuambia kuwa anao ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ambao ni nadra katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta. Alipoona sielewi, alinitajia jina la Charcot. Nikaenda kuyasoma maisha yake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Charcot alizaliwa Paris tarehe 29 Novemba 1825. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza magari ya farasi. Kijana huyu alikuwa mkimya, mwenye kupenda sana kuchora picha, lakini mwishowe akachagua udaktari. Mwaka 1853 alimaliza masomo kwa kuandika kitabu juu ya maradhi ya viungo, na mwaka 1862 akapewa kazi katika hospitali ya Salpêtrière.

Mahali hapo zamani palikuwa kiwanda cha baruti. Baadaye pakageuzwa makao ya wanawake maskini, vikongwe, viwete na wenye wazimu, wapatao 5,000. Daktari mwenye kutafuta sifa hakutamani kukaa huko. Charcot aliona vingine. Yeye na rafiki yake Vulpian walipita chumba kwa chumba, wakamchunguza kila mgonjwa na kuandika habari zake. Na kwa kuwa wengi wa wanawake hao walikaa humo mpaka kufa, aliweza kufuata ugonjwa mwaka baada ya mwaka. Mgonjwa alipokufa, alichunguza ubongo na uti wa mgongo, akalinganisha aliyoyaona kwa mtu hai na yale aliyoyakuta ndani ya maiti. Hiyo ndiyo njia yake ya kazi, na ndiyo iliyompa jina.

Husimuliwa kwamba nyumbani kwake alikuwa na mtumishi mwanamke mwenye kutetemeka mikono. Alivunja sahani na vikombe vingi mno. Bwana mwingine angalimfukuza. Charcot alimweka, akawa akimwangalia. Yule mama alipokufa, Charcot alikuta makovu magumu yaliyotapakaa katika ubongo na uti wa mgongo wake.

Makovu hayo wengine walikuwa wamekwisha kuyachora tangu miaka ya 1830, lakini hawakujua ni ugonjwa gani. Mwaka 1868 Charcot aliueleza waziwazi katika mafundisho yake. Watu wengi waliuchanganya na ule wa kutetemeka ambao Mwingereza James Parkinson aliuandika mwaka 1817. Charcot akaonyesha tofauti: mgonjwa wa Parkinson hutetemeka mkono ukiwa umetulia, huyu mwingine hutetemeka anapounyosha kushika kikombe. Leo twajua kwamba kinga ya mwili yenyewe hushambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za mishipa ya fahamu, hata habari zikapita polepole au zisipite kabisa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niweke kitabu chini na kunyamaza. Charcot hakutazama mikono na macho peke yake. Aliandika pia kwamba wengi wa wagonjwa hawa kumbukumbu zao hudhoofika, mawazo huja polepole, na akili pamoja na hisia hufifia, hata mtu akawa hajali kitu chochote. Nilimwona dada yangu katika maneno hayo, ambayo yalikuwa yameandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla hajazaliwa.

Ajabu ni kwamba baada yake madaktari wengi walilisahau jambo hilo, wakidhani kuwa ugonjwa huu huharibu mwili na kuiacha akili salama. Mwaka 1991 huko Marekani, Stephen Rao na wenzake waliwapima wagonjwa 100, wakakuta 48 kati yao wana upungufu wa akili wa namna fulani, hasa katika kukumbuka na katika wepesi wa kufikiri. Siku hizi kipo kipimo cha sekunde 90 tu: mtu hupewa alama na namba, akazilinganisha upesi awezavyo. Tena wataalamu wamegundua kwamba kule kutojali si sawa na huzuni, ingawa viwili hivi huweza kukaa pamoja. Mwenye huzuni huumia moyoni. Asiyejali amepungukiwa na ile nguvu ya ubongo inayomwanzisha mtu kazi. Mara nyingi hali hiyo hufuatana na kufikiri polepole na kushindwa kupanga mambo.

Charcot aliendelea kupanda cheo. Mwaka 1882 alifanywa profesa wa maradhi ya mishipa ya fahamu. Wanafunzi walimjia kutoka mbali, hata Sigmund Freud wa Vienna. Hata hivyo, hakukosa makosa. Alitumia miaka mingi kuwalaza wanawake usingizi wa kiini macho mbele ya watazamaji, na baadaye ikaonekana kwamba wengi wao walifanya yale waliyojua daktari anatazamia kuyaona. Na ule ugonjwa wa makovu hakuweza kuutibu. Dawa alizojaribu hazikufaa. Alikufa tarehe 16 Agosti 1893, safarini, mwenye umri wa miaka 67.

Leo zipo dawa za kupunguza mashambulio ya ugonjwa huo, lakini ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Nyumbani kwetu tumejifunza kumpa dada kazi moja moja, na kuziandika ubaoni. Asubuhi binti yake huketi naye akamwanzishia kupanga nyuzi na vifungo. Akisha kuanzishiwa, huendelea mwenyewe kwa muda mrefu. Nilimwomba radhi kwa neno langu la siku ile. Alinijibu kwamba hakuna neno. Sijui kama amenisamehe kweli, au kama ni ugonjwa uliomfanya asijali. Huenda nisijue kamwe, nami yanipasa kuvumilia.

Basi, wadogo zangu, mkimwona mtu aliyekuwa hodari amekaa tu, msikimbilie kumwita mvivu. Mtazameni kwanza, kama Charcot alivyomtazama mtumishi wake badala ya kuhesabu sahani zilizovunjika.