Dakta Rivers, Tabibu wa Askari Waliotikiswa na Vita

Mwaka 1914 una mahali pake katika historia ya watu wa Arua na Koboko, kwani ndio mwaka ambao nchi ya West Nile ilitiwa katika Uganda, na Arua ikafanywa boma la serikali. Mwaka huo huo, mbali sana na huku, mataifa ya Ulaya yaliingia katika vita ambavyo mfano wake ulikuwa haujapata kuonekana. Haikupita miezi mingi, madaktari wa jeshi la Uingereza wakaanza kuletewa wagonjwa wa namna ngeni: askari wasio na jeraha mwilini, lakini mikono yao yatetemeka, ndimi zimefungwa, miguu haitaki kutembea, na usiku huamka wakipiga mayowe. Miongoni mwa madaktari waliowatibu alikuwamo William Halse Rivers Rivers, ambaye maisha yake yafaa kujulikana na kila mtu avaaye sare.

Rivers alizaliwa tarehe 12 Machi 1864 katika jimbo la Kent, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi aliyewatibu wenye kigugumizi, lakini mwanawe mwenyewe hakupona kigugumizi chake mpaka kufa. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew, London, akafuzu mwaka 1886 akiwa na umri wa miaka 22. Nia yake ilikuwa kuwa daktari wa jeshi, ila homa ya matumbo aliyougua ujanani ilikuwa imemdhoofisha, na jeshi likamkataa. Basi akawa daktari wa meli, kisha mtaalamu wa mishipa ya fahamu, na baadaye mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1898 alisafiri pamoja na wataalamu wenzake hadi visiwa vya Torres, kati ya Australia na New Guinea, na baadaye akaenda kukaa na kabila la Watoda huko India ya kusini. Katika safari hizo alijifunza jambo ambalo Wazungu wengi wa zama zake hawakulikubali: kwamba matibabu ya wenyeji yana mantiki yake, na kwamba mganga wa kijiji hufuata fikira zilizopangika kama zile za daktari.

Kabla ya vita hivyo, dawa iliyosifiwa sana kwa magonjwa ya mishipa ya fahamu ilikuwa ile ya Dakta Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, Marekani. Mitchell naye alipata ujuzi wake kwa kuwatibu askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Baadaye aliwaagiza wagonjwa wake, hasa wanawake, walale kitandani majuma mengi, wanyweshwe maziwa kwa wingi, wakandwe mwili, wala wasionane na jamaa zao. Wako waliopata nafuu, na wako waliozidi kuumia kwa upweke.

Vita vilipoanza, baadhi ya madaktari walitumia njia kali kuliko hiyo. Huko London, Dakta Lewis Yealland aliwatia umeme askari walioshindwa kusema, mpaka watoe sauti. Na wengine hawakufika hata kwa daktari. Askari 306 wa Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi kwa hukumu za mahakama za kijeshi, kwa makosa kama kutoroka na woga. Yaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Serikali ya Uingereza iliwasamehe mwaka 2006, miaka karibu 90 baada ya kufa kwao.

Rivers alianza kuwatibu askari mwaka 1915 katika hospitali ya Maghull, karibu na Liverpool. Mwaka 1916, jeshi lile lililomkataa ujanani likampa cheo cha kapteni, akapelekwa kuwatibu maofisa katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh. Hapo aligundua kwamba karibu kila mgonjwa alikuwa ameshauriwa na jamaa, na hata na madaktari, asahau yaliyompata na asiyataje kamwe. Mchana aliyafukuza mawazo hayo kwa nguvu zake zote. Usiku yakamrudia katika ndoto, na kwa ukali zaidi.

Shauri la Rivers lilikuwa kinyume cha hilo. Alimtaka mgonjwa ayaseme mchana yale yaliyomtisha, mbele ya mtu anayemwamini, kisha watafute pamoja upande wake unaovumilika. Ofisa mmoja alikuwa amemkuta rafiki yake amekatwa vipande vipande na kombora, na kila usiku aliota maiti ile. Rivers alimwonyesha kwamba majeraha ya namna ile ni ushahidi kuwa rafiki yake alikufa mara moja, bila kuteseka. Ndoto zikakoma kwa siku kadhaa. Kisha akaota anakwenda kwa rafiki yake na kumvua vifaa vyake, akaamka na huzuni, si hofu.

Lakini Rivers hakudai kwamba dawa yake yamfaa kila mtu. Alipata ofisa mwingine ambaye masaibu yake hayakuwa na upande wowote wa faraja. Huyo alimshauri aache jeshi akaishi shamba, na akafanya hivyo. Wala hakutaka mtu akae akirudia-rudia mateso yake siku nzima, kwani hilo nalo hudhuru.

Mwezi wa Julai 1917 aliletewa Siegfried Sassoon, mshairi na ofisa shujaa mwenye nishani, aliyetangaza hadharani kwamba vita vinarefushwa bila haki. Rivers hakumwona kuwa mgonjwa. Walizungumza kwa miezi kadhaa, na Novemba Sassoon akakubali kurudi vitani kwa hiari yake, akiwafuata askari wake. Mwaka 1918 alipigwa risasi ya kichwa, ila akapona. Hapo ndipo palipokuwa na uzito wa kazi ya Rivers: kumponya mtu, kisha kumrudisha pale pale palipomwumiza. Jambo hilo lilimsumbua, wala hakulificha.

Rivers alifariki ghafula Cambridge, tarehe 4 Juni 1922, kwa ugonjwa wa ngiri, akiwa na miaka 58.

Koboko na Arua ni nchi ya askari. Jamaa nyingi zina babu aliyetumika katika King's African Rifles, na wengine walifika hadi Burma katika vita vya pili vya dunia. Baada ya vita vya mwaka 1979, maelfu ya watu wa huku walikimbilia Sudan na Zaire, na waliorudi walirudi na mengi moyoni. Wazee wetu hawakuhitaji kusoma vitabu vya Rivers ili wajue kwamba mtu aliyefadhaika haachwi peke yake. Huitiwa ndugu, wakaketi naye, akasema.

Basi askari au polisi ambaye halali usiku, au ashtukaye kwa mlango unaopigwa na upepo, asijione mwoga. Na amwambie daktari wa kambi, au mkubwa wake, au mwenzake anayemwamini. Mkubwa naye atakayeambiwa, kabla ya kuwaza adhabu, na awakumbuke wale 306 ambao msamaha uliwafikia wakiwa makaburini.